KUZIMA SIO KUFUTA: Seva iliyokuwa inakula hela ya belo langu

Leo naomba tuongelee matumizi ambayo wengi wetu tunaouza mtandaoni hatuyaongelei, kwa sababu hayaonekani kwa macho. Kodi ya fremu unaiona, mwenye fremu akikudai anakuja mwenyewe. Bando unaliona, linaisha. Nauli ya mzigo unaiona, bila kulipa pale stendi mzigo haupandi basi. Ila hela inayokatwa na kampuni za nje kwa ajili ya seva, tovuti na nafasi ya kuhifadhi picha inaondoka usiku umelala. Asubuhi unaamka unaona meseji ya benki, unasema nitaicheki baadaye, hiyo baadaye haifiki.

Mimi nauza viatu vya mtumba hapa Mwanza. Mzigo nachukua Mlango Mmoja, nasafisha, napiga picha, naweka mtandaoni, naenda Nyegezi kupakia kwenye basi la Geita, Bukoba, Shinyanga, hata Dar. Nilianza na WhatsApp na Instagram tu. Mwanzoni mwa 2024 nikajiona nimekua, nikataka tovuti yangu mwenyewe yenye picha, bei, sehemu ya kuweka oda, na sehemu ya kurekodi wateja wangu wanaolipa kidogo kidogo. Nikampata kijana mmoja anayejua mambo hayo, akanitengenezea vizuri tu. Seva tukakodi kwenye kampuni moja ya nje. Kadi ya benki nikaiunganisha mimi mwenyewe, nikasahau.

SIKU NILIYOSHTUKA

Julai 2024 mimi na rafiki yangu tulikubaliana kuchangia belo la viatu. Mchango wangu ulikuwa 450,000. Kwenye akaunti nilikuwa na 480,000, najua kabisa. Asubuhi ya kwenda kulipia naangalia salio, nakuta 302,000.

Nikajua nimeibiwa. Nikapiga simu benki nikiwa nimeshapanda hasira. Dada wa benki akaniambia kwa upole tu, "Dada, hii ni malipo ya kadi, kampuni ya nje, na sio mara ya kwanza." Kurudi kwenye meseji za nyuma ndo naona. Machi nilikatwa kama 36,000. Aprili ikapanda. Mei ikapanda tena. Julai ikafika 178,000. Zote hizo nilitumiwa meseji, na zote nilizipita.

Rafiki yangu hakuweza kunisubiri, mwenye belo alikuwa na wateja wengine. Akachangia na mtu mwingine, belo likafunguliwa bila mimi. Viatu vilikuwa vizuri, nilivipitia kwenye stetasi yake wiki nzima roho inaniuma.

BILI ILIKUWA NA NINI NDANI

Jioni ile nikakaa na simu nikafungua bili. Imeandikwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha form four, kwa hiyo kila mstari nilikuwa nakopi napeleka kwenye tafsiri. Ilinichukua masaa matatu. Ila ndugu zangu, hayo masaa matatu ndo masaa yaliyonilipa vizuri kuliko yote tangu nianze biashara. Nilikuta hivi:

Seva kuu ya tovuti: dola 12.
Seva ya majaribio, ambayo fundi aliizima tangu Aprili: dola 12.
Databezi ya kukodi pembeni, yaani lile daftari la oda na wateja: dola 15.
Nakala za seva zinazojipiga kila siku: dola 8.
Anwani ya IP iliyobaki haina kazi: dola 4.
Data inayotoka, yaani picha zinazoenda kwa wateja wanaofungua tovuti: dola 6.

Jumla dola 57. Juu yake ikawekwa VAT asilimia 18, ikawa dola 67 na senti 26. Zidisha kwa 2,650, ambayo ndo karibu na bei ya dola kipindi kile, unapata kama 178,000.

Hapo naomba mkumbuke kitu kimoja. Sisi tunauza kwa shilingi, hizi huduma zinalipwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa inacheza kwenye 2,340 hivi. Katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Maana yake hata kama hujaongeza kitu chochote, bili yako ilipanda yenyewe.

KUZIMA SIO KUFUTA

Kilichonichanganya zaidi ni ile seva ya majaribio. Nikampigia fundi, wakati huo ameshahamia Dodoma kwa kazi.

"Kaka, hii seva ya pili si ulisema umeizima?"

"Nimeizima dada, hata ukiangalia imeandikwa imezimwa."

"Sasa mbona nalipa dola 12?"

Akanyamaza kidogo. "Aisee. Nilijua ikizimwa hailipiwi."

Hata yeye hakujua, na simlaumu, kwa sababu mtu yeyote angefikiria hivyo. Taa ukiizima umeme hausomi. Ila seva sio taa, seva ni fremu. Ukifunga fremu kwa kufuli ukaenda kijijini mwezi mzima, mwenye fremu bado anakudai kodi, kwa sababu nafasi ile umeishika wewe na hawezi kumpa mtu mwingine. Kodi inasimama siku unapotoa vitu vyako na kurudisha funguo. Kwenye seva, kurudisha funguo ni kufuta.

Haya mambo ya wingu mnayosikia, hakuna wingu lolote. Ni kompyuta kubwa zimewekwa kwenye jengo mahali fulani duniani, wewe umekodi kipande. Na kila kampuni ina utaratibu wake. Kwa mfano DigitalOcean, seva yako ukiizima unaendelea kulipa bei ile ile mpaka uifute. AWS, ile ya Amazon, ukisimamisha seva hawakutozi tena kwa kuiendesha, ila diski yake inaendelea kulipiwa mpaka uifute. Na tangu tarehe 1 Februari 2024 AWS wanatoza kila anwani ya IP ya umma, ya lile toleo la kawaida, nusu senti ya dola kwa saa, iwe inatumika au haitumiki. Nusu senti unaweza kuidharau, ila mwezi una masaa zaidi ya 700, kwa hiyo inafika kama dola 3 na nusu. Hiyo ni karibu shilingi elfu tisa na mia kadhaa kwa namba tu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi wako sio "umezima?" Muulize, "Umefuta? Na vilivyokuwa vimeambatana nayo umefuta?" Seva ina diski, ina anwani, ina nakala. Ukifuta seva peke yake, hivyo vingine vinaweza kubaki na vinaendelea kula.

KOSA NILILOFANYA MIMI

Sasa msije mkafikiri nilikuwa mjanja. Usiku ule nilikuwa na hasira, na hasira na kitufe cha kufuta havifai kukaa pamoja.

Nikafuta seva ya majaribio. Sawa. Nikarudisha ile anwani ya IP. Sawa. Nikaona hii databezi dola 15, kubwa kuliko hata seva, nikasema hii nayo ni makorokoro ya fundi. Wakaniuliza kama nina uhakika, wakaniambia niandike jina lake kuthibitisha. Nikaandika. Ikaondoka.

Asubuhi tovuti haifunguki. Nikampigia fundi, nikamweleza. Akasema, "Dada, ile ndo ilikuwa daftari."

Nikamwambia tulia, nina nakala zaidi ya 130, zimekuwa zikijipiga kila siku tangu Machi na nazilipia. Akaniambia zile nakala ni za seva, databezi ilikuwa pembeni, haimo. Na zile nakala za databezi yenyewe zilifutika pamoja nayo. Yaani nililipia nakala zaidi ya 130, na hakuna hata moja iliyokuwa imebeba majina ya wateja wangu.

Bidhaa na picha sikuumia sana, ningeingiza upya. Kilichoniumiza ni wateja 23 waliokuwa wanalipa kidogo kidogo. Kuna aliyelipa 10,000, kuna aliyebakiza 5,000 tu achukue kiatu chake. Wote hao rekodi zao zilikuwa mle.

Nilikaa chini nikachukua simu, nikapiga mmoja mmoja. Nilikuwa naona aibu, kwa sababu ukimwambia mteja umepoteza rekodi yake, yeye anasikia umekula hela yake. Mama mmoja wa Geita alikuwa ameshalipa 30,000 kati ya 42,000, viatu vya shule vya watoto wake wawili. Nikaanza kumwomba msamaha, akanikatisha.

"Mwanangu, mimi meseji za hela sifuti hata moja. Subiri nikutumie."

Akanitumia zote, moja baada ya nyingine, na tarehe. Mimi mwenye tovuti ya dola nilikuwa sina rekodi, yeye mwenye simu ya kitochi alikuwa nayo, alienda kwa jirani mwenye simu kubwa wakaipiga picha skrini yake. Tangu siku hiyo mama huyo mzigo wake nauli nalipa mimi.

Nikachukua pia taarifa ya miamala ya laini yangu ya kupokelea hela, nikalinganisha. Wateja 22 tukaelewana. Mmoja hesabu yake haikukaa sawa, alisema amelipa 15,000 zaidi ya nilichokiona. Nikamkubalia. Kosa lilikuwa langu, na jina la biashara lina thamani kuliko 15,000.

UTARATIBU NINAOUFUATA SASA

Hasara ile ndo ilinifundisha utaratibu. Kabla ya kufuta kitu chochote ambacho unakilipia mtandaoni:

1. Andika kwenye karatasi kila mstari wa bili, na mbele yake andika kazi yake. Mstari ambao huwezi kuuandikia kazi, usiufute bado. Weka alama ya kuuliza.

2. Muulize aliyekutengenezea. Kama hapatikani, ingia kwenye huduma kwa wateja ya kampuni husika uandike swali. Wengi wanajibu kwa maandishi, kwa hiyo unaweza kutafsiri taratibu.

3. Pakua nakala, iweke kwenye kompyuta yako au ya rafiki na kwenye flashi. Halafu ifungue uone kama inafunguka. Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu.

4. Zima kwanza, subiri wiki moja. Kweli nimesema kuzima sio kufuta na utaendelea kulipa. Lipa. Seva ya dola 12 kwa mwezi, wiki moja ni kama dola 3. Hiyo ni bima. Kama katika wiki hiyo hakuna kilichoharibika na hakuna mteja aliyelalamika, basi.

5. Sasa futa, pamoja na diski yake, anwani yake na nakala zake.

6. Mwezi unaofuata fungua bili uhakikishe mstari umetoka kweli.

Na usifanye haya ukiwa na hasira, wala usiku.

NILIVYOSHUKA KUTOKA DOLA 57

Databezi mpya hatukuikodi pembeni tena. Fundi aliiweka ndani ya seva ile ile kuu, kwa sababu duka langu ni dogo. Hapo dola 15 zikatoka. Faida nyingine, nakala ya seva sasa inabeba na daftari. Kama una oda elfu kwa siku hiyo ni hesabu nyingine, ila kwa sisi wa oda mbili tatu kwa siku databezi ya pembeni ni kukodi ghala kwa ajili ya boksi moja.

Seva yenyewe tukaipima. Kila kampuni ina ukurasa unaokuonyesha seva inatumia nguvu kiasi gani. Yangu kwa wiki mbili haikupita asilimia 10 ya nguvu, na kumbukumbu ilikuwa robo tu. Tukaihamishia kwenye saizi ndogo ya dola 6. Wateja hawakuona tofauti yoyote. Msikubali kuambiwa "chukua kubwa ili usipate shida baadaye". Kupanda saizi ni rahisi, siku biashara ikikua utapanda. Kushuka ndo kwenye usumbufu, kwa sababu diski kubwa mara nyingi haikubali kupunguzwa, inabidi uhamishe vitu kama tulivyofanya sisi.

Nakala nikaacha 7 za mwisho, ya nane ikiingia ya zamani inajifuta. Dola 8 zikawa senti 40 hivi. Na kila Jumapili napakua nakala moja ya daftari la wateja naiweka kwenye flashi.

Picha hapa naomba msikilize vizuri, hata kama huna tovuti. Picha ya simu za siku hizi ina MB 4 hivi. Ukurasa wangu ulikuwa na picha 40, kwa hiyo MB 160. Mteja mmoja akifungua ukurasa wote anakula MB 160 ya bando lake, na mimi nalipia data inayotoka. Wateja wakifungua mara 400 kwa mwezi ni GB 64. Nikaanza kupunguza picha kabla ya kupandisha, upana wa pikseli 1080, na kuzihifadhi kwa mtindo wa WebP ambao ni mwepesi. Picha ikashuka mpaka KB 150 na kwenye simu inaonekana vile vile. Ukurasa mzima sasa ni MB 6. Zile GB 64 zikawa GB 2 na nusu, ambayo inaingia kwenye kiasi wanachotoa bure. Dola 6 zikatoka. Na kuna wateja waliniambia, "Dada siku hizi tovuti yako inafunguka haraka." Kumbe walikuwa wanakimbia kwa sababu ya bando.

Bili mpya ikawa dola 6 na senti 40 hivi, na VAT yake kama dola 7 na nusu. Kwa shilingi ni kama 20,000. Kutoka 178,000. Kwa mwaka inanibakia karibu milioni 1 na laki 9.

HESABU NILIYOTAKIWA KUIFANYA TANGU MWANZO

Baada ya hapo ndo nikajiuliza swali ambalo lilitakiwa kuwa la kwanza. Hii tovuti inaniletea nini?

Nikachukua oda za mwezi mmoja, zilikuwa 64. Nikahesabu zilizotoka kwenye tovuti. Tisa. Zile 55 zote WhatsApp na Instagram. Faida yangu kwa kiatu ni kama 8,000. Tisa mara 8,000 ni 72,000.

Kwa hiyo nilikuwa nalipa 178,000 ili nipate 72,000. Kila oda ya tovuti gharama yake ilikuwa karibu 19,800, na faida yake 8,000. Kila mteja aliyeingia kupitia tovuti nilikuwa namwongezea 11,800 kutoka mfukoni kwangu, na nikawa nashangilia oda imeingia.

Sasa kwa 20,000, kila oda inabeba kama 2,200. Inabaki faida. Ndo maana sikuifunga tovuti. Ila ningekuta hata kwa 20,000 hailipi, ningeifunga bila aibu. Tovuti ni kama mfanyakazi, lazima ujue ameingiza nini mwisho wa mwezi.

Kwa ambaye bado hana tovuti na anaona kama amebaki nyuma, usikimbilie. WhatsApp Business ina katalogi ya bure inayobeba mpaka bidhaa 500, unaweka picha, bei na maelezo. Oda zangu 55 kati ya 64 zilitoka huko na Instagram. Siku ukiona wateja wanakuzidi kujibu kwa mkono, hapo anza kufikiria tovuti. Na ukiifikiria, kuna kampuni za hapa hapa Tanzania zinauza nafasi ya tovuti kwa mwaka, kwa shilingi, unalipa kwa simu. Kwa duka dogo inatosha, na dola ikipanda leo unajua hesabu yako haibadiliki mpaka mwaka uishe.

VITU VIDOGO VINAVYOKULA KIMYA KIMYA

Nilipomaliza seva nikaanza kusaka vingine. Nikakuta nalipia app ya kutengeneza matangazo ambayo niliijaribu bure kwa mwezi mmoja nikasahau kuifuta. Nikakuta nalipia nafasi ya kuhifadhi picha kwenye akaunti mbili tofauti.

Google inatoa GB 15 bure kwa kila akaunti, ila hizo GB 15 zinagawanywa kwa barua pepe, Drive na Photos kwa pamoja. Na tangu tarehe 1 Juni 2021 picha unazopandisha Google Photos zinahesabiwa humo. Ndo maana watu wengi nafasi inawajaa wakaamua kulipia. Kabla hujalipia, ingia ufute video za kiatu kile kile ulizorudia mara sita na picha za viatu vilivyouzwa mwaka juzi. Mimi nilifuta GB 11 kwa jioni moja. Halafu kumbuka na pipa la taka, vitu vinakaa mle bado vinahesabika mpaka upatupe. Unaona, hata hapo kufuta mara moja hakutoshi.

Fungua Play Store au App Store, nenda sehemu ya malipo ya kujirudia, utaona orodha ya unavyolipia kupitia hapo. Wengi mtashangaa. Na kufuta app kwenye simu hakusitishi malipo, lazima usitishe pale kwenye orodha.

KADI NA TAHADHARI

Siku hizi kadi yangu kuu ya benki haijaunganishwa na kitu chochote cha nje. Nina kadi ya mtandaoni peke yake kwa ajili ya malipo haya, naiwekea kiasi cha bili na akiba ndogo. Bili ikija kubwa kuliko kawaida inagoma, nami napata taarifa kabla hela ya mzigo haijaguswa.

Ila tahadhari mbili. Kwanza, malipo yakigoma deni halijafutika, na ukikaa muda mrefu bila kulipa wanaweza kusimamisha huduma na mwisho kufuta vitu vyako. Kwa hiyo ikigoma shughulikia siku hiyo hiyo. Pili, kampuni kama AWS na Google Cloud zina sehemu ya kuweka bajeti, weka, ni bure na itakutumia barua pepe ukikaribia. Ila hiyo bajeti yenyewe ni kengele tu, haizimi chochote. Ukiweka dola 10 matumizi yakafika 50, utalipa 50. Kengele inataka mtu wa kuisikia.

Na hizi ofa za kuanza bure za miezi kadhaa, andika tarehe ya mwisho ukutani. Mimi seva yangu nayo ilianza na ofa. Hata kulipia mwaka mzima ili upate punguzo, usifanye kabla hujapima. Nisingepima, ningelipia mwaka mzima wa saizi kubwa nisiyoihitaji.

CHA KUFANYA LEO JIONI

Sio lazima ufanye yote. Leo ukifunga hesabu za siku, fanya kimoja tu. Fungua meseji za benki za miezi mitatu, andika kila malipo ya nje na kiasi chake. Mbele ya kila moja andika kazi yake na imekuletea oda ngapi. Mimi siku yangu ni tarehe 2 ya kila mwezi, dakika 20 tu na chai yangu.

Belo la Julai lilinipita. La Septemba nilichangia, na kwenye lile nilipata raba 31 za kuuza bei nzuri. Mama wa Geita alichukua jozi mbili.

Weka kwenye komenti: ni malipo gani ya mtandaoni uliyagundua umesahau kuyasitisha? Na kama kuna sehemu hujaelewa uliza hapo hapo chini, nikijua nitakujibu, na wengine humu wanajua zaidi yangu. Ukiona limekusaidia mtumie mwenzako mwenye tovuti. Kazi njema wapambanaji.